Kosa Lililosubiri Umeme

Kuna makosa ya kompyuta ambayo huwezi kuyajua ukiishi mahali umeme unapokatika ovyo. Si kwamba hayapo. Yamo ndani ya programu tangu ilipoandikwa, ila yanahitaji muda ili yakomae, na muda mrefu bila kuzimwa ndicho kitu ambacho mashine nyingi za huku kwetu hazikuwahi kupewa. Umeme ukiondoka, mashine inazimika, na kosa linafutika pamoja na kazi yote iliyokuwa haijahifadhiwa. Ukirudi, kila kitu kinaanza upya, na fundi anasifiwa kwa mtambo usiosumbua. Kuvuja kwa kumbukumbu ni kosa la aina hiyo. Tulikuwa nalo kwa muda mrefu bila kulijua, na tulilijua siku tulipopata betri.

Huku kwetu ni Mubuku, mji mdogo wa barabarani kaskazini ya Kasese ukielekea Fort Portal, karibu na pale njia inapochepuka kupanda Bugoye na kwenda Nyakalengija wanakoanzia wapanda mlima. Mto uliotoa jina hilo unashuka kutoka Rwenzori, unapokea Bujuku pale Nyabitaba, unateremka hadi tambarare na kwenda zake Ziwa George. Njiani unazungusha mitambo ya vituo vitatu vya umeme: kile cha zamani kilichojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kile cha Bugoye chenye megawati 13 kilichoanza kazi mwaka 2009, na kile kilichojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti cha Kasese. Mgeni akiambiwa hivyo hudhani wakazi wa bonde hili hawalijui giza. Wenyeji hucheka. Umeme unaozalishwa na mto huingia kwenye gridi ya taifa kwanza, na nguzo iliyoangushwa na upepo haiulizi mto uko karibu kiasi gani.

Ofisi niliyokuwa nikiihudumia ilikuwa na seva moja hapo Mubuku, na vituo vidogo vilivyotawanyika: mjini Kasese, kwenye vilima vya juu, na Bwera, mpakani mwa Kongo. Viliunganishwa kwa redio, mnara hadi mnara. Juu ya seva hiyo tuliweka programu ya ufuatiliaji, mojawapo ya zile za bure zinazokaa juu ya Unix na jamaa zake. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kila baada ya dakika chache huuliza kila ruta na kila kompyuta, upo? Ikijibiwa, huandika na kuendelea. Isipojibiwa, huuliza tena, kisha tena, halafu hutuma ujumbe kwenye simu ya fundi. Programu za namna hii zina ukoo mrefu: MRTG ya Tobias Oetiker, iliyotokea mwaka 1995 kuchora grafu za msongamano wa mitandao, na Nagios ya Ethan Galstad, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki walizifahamu kwenye warsha za AfNOG, umoja wa waendesha mitandao wa Afrika, uliokutana Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Wengine tulizipata kwa waliokwenda huko, tukarithi mipangilio yao pamoja na tabia zao.

Programu inapotaka kufanya kazi huomba kumbukumbu kutoka kwenye mfumo, huitumia, kisha huirudisha. Katika lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa pacha wa Unix, na ambayo hadi leo ndiyo lugha ya programu nyingi za aina hii, hakuna wa kukukumbusha kurudisha. Malloc huomba, free hurudisha, na kati ya hizo mbili ni wewe na uangalifu wako. Anayejua msiba wa kijijini analielewa jambo hili. Wafiwa huazima sufuria, viti na maturubai kwa majirani, na mtu mmoja hupewa karatasi ya kuandika kipi ni cha nani. Karatasi ikipotea, sufuria hazijaibwa; zipo nyuma ya nyumba, zimeoshwa na kufunikwa. Ila hakuna ajuaye ni za nani, kwa hiyo haziendi popote, na msiba unaofuata utaazima nyingine. Kielekezi, yaani namba inayosema kipande fulani cha kumbukumbu kiko wapi, ndiyo karatasi hiyo. Programu ikikipoteza, kipande kinabaki kimeshikwa, hakitumiki wala hakirudi, mpaka programu yenyewe ife. Ikifa, mfumo hukusanya vyote kwa mkupuo. Ndiyo maana kuzima na kuwasha huponya, na ndiyo maana katikati ya katikakatika yetu hatukuwahi kuugua.

Kisha tukapata sola: paneli juu ya bati, betri, inveta. Seva ya Mubuku ikaanza kukesha wiki baada ya wiki. Vituo vya vilimani na Bwera havikupata bahati hiyo. Viliendelea kuzimika na kuwaka kama zamani. Hapo vikakutana vitu viwili ambavyo havikuwahi kukutana: mlinzi asiyelala, na walindwa wanaopotea kila mara.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee anayelinda ofisi usiku. "Fundi, ile ya kuangalia imelala tena."

"Mzee wangu, umeme upo?"

"Umeme upo. Mashini iko nzima, taa inawaka. Ni yenyewe ndiyo imelala."

Alisema kweli, na alisema vizuri kuliko logi. Seva ilikuwa hai. Kilichokufa ni mfuatiliaji, na alikufa bila kutuma ujumbe, kwa kuwa mtuma ujumbe ndiye marehemu. Kimya chake kwenye simu yangu kilifanana kabisa na kimya cha mtandao ulio salama. Hili ndilo jambo baya kuliko yote katika ufuatiliaji, na nashangaa kwamba mipangilio mingi niliyoiona, hata ya ofisi kubwa, haina kitu cha nje kinachouliza kama muulizaji mwenyewe yupo.

Kwenye logi ya kerneli, kiini cha mfumo, mlikuwa na maelezo mafupi. Linux ikiishiwa kumbukumbu haiombi ruhusa. Huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mingine ipone. Huipa michakato alama, na kwa kawaida ulioshika kumbukumbu nyingi ndio hutangulia. Lakini mwenye nyingi si lazima awe mkosaji. Safari moja aliyeuawa alikuwa hifadhidata, ambayo haikuwa na hatia yoyote zaidi ya ukubwa wake. Jina la aliyeuawa huandikwa wazi na la aliyesababisha haliandikwi, basi msomaji mwenye haraka huanza kumpekua marehemu. Nimewaona watu wakiongeza kumbukumbu ya hifadhidata kwa sababu hiyo, na hapo mvujaji anazidi kubanwa, na kifo kinakuja mapema zaidi.

Njia ya kumpata ni ya kizamani, wala haihitaji chombo cha gharama. Kroni, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iliita amri ya ps, inayoorodhesha michakato, kila dakika kumi, ikachukua namba moja tu, ile ya kumbukumbu halisi aliyoishika mfuatiliaji, na kuiandika kwenye faili pembeni ya saa. Ukiangalia top, orodha hai ya michakato, kwa macho hutaona kitu. Kilobaiti nne hapa, nane pale, ni mambo ya kupuuzwa. Ukiiweka kwenye karatasi ya siku kadhaa, namba inasema yenyewe.

Nilitarajia mstari unaopanda polepole. Nikapata ngazi. Saa nyingi mstari ulilala sawa kabisa, haupandi hata kilobaiti, kisha unapanda kwa muda, kisha unalala tena pale ulipofikia, wala haushuki kamwe. Ngazi ni habari njema kwa mtafutaji, kwa sababu kila kipandio kina saa yake, na saa huulizika. Nilipoiweka ngazi ile kando ya logi ya vituo, kila kipandio kiliangukia kwenye muda ambao Bwera au kituo kingine kilikuwa hakipatikani. Mvua ya radi ikipiga upande wa Kikorongo, mnara ukinyamaza, mfuatiliaji ananenepa. Mnara ukirudi, anaacha kunenepa, lakini hapungui.

Kwa hiyo uvujaji haukuwa kwenye kuuliza. Ulikuwa kwenye kukosa jibu.

Valgrind, chombo kilichoanzishwa na Julian Seward na kutolewa mwaka 2002, huiendesha programu yako ndani ya programu nyingine inayohesabu kila kilichoombwa na kila kilichorudishwa. Kasi hushuka mara kumi, ishirini na hata zaidi, na kwenye mashine yetu ndogo ilikuwa kama kumsindikiza mgonjwa kituo cha afya kwa miguu. Mwisho wa yote hutoa ripoti, na ripoti hiyo hutenganisha kumbukumbu iliyopotea kabisa, ambayo hakuna kielekezi chochote kinachoifikia, na ile ambayo bado ilikuwa inafikika programu ilipofungwa. Ya pili mara nyingi si neno. Ya kwanza huja na mnyororo wa majina ya funksheni, nani alimwita nani, hadi mahali malloc ilipoitwa. Tukazima ruta moja makusudi, tukasubiri, tukafunga, tukasoma.

Mstari wa kurudisha ulikuwepo. Umeandikwa vizuri, mwishoni mwa funksheni, mahali pake hasa. Lakini kituo kisipojibu hadi muda ukapita, funksheni iliandika kosa na kutoka hapo hapo katikati, kabla haijafika kwenye mstari huo. Baiti mia chache kwa kila swali lisilojibiwa. Aliyeandika, nadhani, alikuwa na mtandao mzuri. Alijaribu programu yake mahali ambapo kituo kisichojibu ni jambo la kutokea mara chache kwa mwezi, akaiacha iendeshwe miezi, na haikumsumbua. Simlaumu. Njia ya makosa ndiyo njia isiyopitwa na mwandishi wa programu, na kwa mtumiaji wa Bwera hiyo ndiyo barabara kuu.

Wala si ugonjwa wa wanyonge peke yao. Tarehe 22 Oktoba 2012 sehemu ya huduma za Amazon katika jimbo la Virginia, Marekani, iliyumba, na tovuti nyingi mashuhuri zikaanguka nayo. Maelezo yaliyotolewa na kampuni yenyewe baadaye yanasomeka kama hadithi ya Mubuku iliyokuzwa. Seva moja ya kukusanya takwimu za hali ya mitambo ilikuwa imeharibika na kubadilishwa. Anwani mpya haikuwafikia wote. Vijiprogramu vya kutoa taarifa vilivyokaa kwenye seva za kuhifadhi data vikaendelea kumgongea mlango aliyekwishahama, na ndani yake mlikuwa na uvujaji uliojificha: kila jaribio lililoshindikana la kuifikia seva ile lilizidi kula kumbukumbu kidogo. Hakuna kengele iliyolia, kwani takwimu zenyewe hazikuwa muhimu sana na mfumo ulizoea kukosa chache. Polepole kumbukumbu ya seva zile ikaliwa hadi zikashindwa kufanya kazi zilizowekewa. Zilizolemazwa hazikulemazwa na wingi wa wateja wala na uharibifu wa diski. Zililemazwa na kijiprogramu kilichowekwa kuziangalia afya.

Linalonikaa rohoni katika visa vyote viwili ni muda wenyewe. Mfuatiliaji anayevuja kwenye njia ya makosa hudhoofika kwa kadiri mtandao unavyoumwa. Siku shwari ni mzima wa afya. Siku mbaya ndiyo siku yake ya kufa. Na siku mbaya za Kasese zinajulikana. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuingia hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Juni 2019, wakati Ebola ya Kivu Kaskazini ilipovuka mpaka, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa upande wa Uganda alikuwa mtoto aliyelazwa hospitali ya Bwera. Katika siku kama hizo mtu wa Kasese au Kampala anataka kujua upesi ni kituo gani kiko hewani na kipi kimenyamaza. Ndizo siku ambazo vituo vingi hunyamaza kwa pamoja, na ambazo programu ya namna ile ingekuwa imekwishajijaza maswali yasiyojibiwa hadi shingoni.

Marekebisho yalileta somo la pili. Kijana tuliyefanya kazi naye, hodari na mwenye haraka, aliongeza free kabla ya kila njia ya kutokea ndani ya funksheni ile. Mfuatiliaji akaacha kunenepa, akaanza kuanguka. Ilikuwa hivi: katika njia mojawapo, kipande kile cha kumbukumbu kilikuwa kimeshakabidhiwa kwenye foleni ya ujumbe unaosubiri kutumwa. Kilirudishwa na funksheni, kisha foleni nayo ikakirudisha baada ya kutuma. Maktaba ya C ilipoona kitu kimoja kinarudishwa mara mbili, ikaisimamisha programu papo hapo. Hapo unaelewa kwa nini uvujaji upo mwingi hivi duniani. Kusahau kurudisha hakuui leo. Kurudisha mapema, au mara mbili, huua sasa hivi, mbele za watu. Mwandishi mwenye wasiwasi kuhusu nani mwenye kipande fulani atakiacha tu, na hakuna atakayemnyooshea kidole.

Mimi, ningepewa kuchagua, ningechagua kuanguka. Programu inayoanguka huacha faili lenye picha ya kumbukumbu yake wakati wa kufa, na humo unasoma ilikuwa wapi na ilishika nini. Inayovuja huacha uchovu tu, na lawama kwa jirani. Kuanguka kwetu kulitibika siku ile ile. Kuvuja kulikuwa kumeishi nasi tangu enzi za umeme wa kuja na kuondoka.

Kuna dawa nyingine, na ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni: kuzima na kuwasha kwa ratiba. Mafundi huionea haya, lakini ina heshima zake. Mwaka 1995 Yennun Huang, Chandra Kintala na wenzao wa Bell Labs, nyumba ile ile ya Unix, walichapisha utafiti uliopendekeza kuiburudisha programu kwa kuizima na kuianzisha upya kabla haijaanguka, kwa kuwa programu inayoendeshwa mfululizo huchakaa. Seva ya wavuti ya Apache ina mpangilio wa kumstaafisha kila mtumishi wake baada ya kuhudumia maombi kadhaa, hasa kwa hofu ya uvujaji. Na mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wote mara kwa mara, kwa sababu kihesabu kimoja katika vidhibiti vya jenereta kingejaa baada ya siku 248 mfululizo na jenereta zote zingeweza kujizima kwa pamoja, hata angani. Siku 248 bila kuzimwa! Nilipolisoma hilo nilifikiria nguzo zetu na kuona kwamba ndege hiyo ingekuwa salama kabisa ikichomekwa Mubuku.

Ubaya wa dawa hii ni pale asiyejua kwamba anaitumia anapoacha kuitumia. Idara ya magari ya wagonjwa ya London ilianza mfumo mpya wa kompyuta Oktoba 1992. Ndani yake ulibaki mstari mmoja wa mwandishi wa programu, uliosahaulika, ambao kila gari lilipotumwa ulishika kumbukumbu kidogo ya seva bila kuiachia. Ilichukua wiki tatu hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba mfumo ukazubaa, ukakwama, nao wa akiba haukushika zamu, na wahudumu wakarudi kwenye karatasi. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, tarehe 25 Februari 1991, betri ya makombora ya Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ilikuwa imewashwa zaidi ya saa 100. Kosa dogo la kuhesabu sehemu za sekunde lilikuwa limejilimbikiza hadi theluthi moja ya sekunde, kombora la Iraki likapita bila kuzuiwa, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Huo haukuwa uvujaji wa kumbukumbu, ila ni ukoo mmoja: kosa linalolimbikizwa na uzima wa mashine. Waisraeli walikuwa wameshaona kwamba mtambo huo hupoteza shabaha ukiendeshwa mfululizo. Watumiaji walionywa juu ya kuuendesha kwa muda mrefu sana, na onyo halikusema mrefu ni kiasi gani. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.

Kuzima na kuwasha kungewaokoa. Ndiyo maana siwezi kuidharau dawa hii, na ndiyo maana nilishindwa kumjibu dada anayesimamia ofisi ile tulipozozana juu ya krontabu, orodha ya kazi za kroni. Kabla hatujapata chanzo cha tatizo tulikuwa tumeweka mstari wa kumwanzisha upya mfuatiliaji kila siku saa kumi alfajiri. Kiraka kilipokaa sawa na ngazi ikageuka sakafu, nilitaka kuufuta. Hoja yangu ilikuwa kwamba tukiendelea kumwamsha kila alfajiri tutarudi kulekule kwa zamani, tusione kosa linalofuata mpaka limekua.

"Fundi," akasema, "hilo umeliona. Yale ambayo hujayaona nani atayaamsha? Wewe unalala Kasese."

Nikamwambia namba za ps bado zinaandikwa. Akauliza nani anazisoma. Nikasema mimi. Akauliza, kila siku? Tukakubaliana mstari ubaki, lakini uitwe Jumapili tu, na kabla ya kumzima mfuatiliaji uandike ameshika kumbukumbu kiasi gani, na upeleke namba hiyo kwenye simu yake badala ya yangu.